Ngome ya Dinant na deni la majina

Katika desturi zetu, mtu akitoka safari ya mbali haingii nyumbani na kulala bila kusema neno. Wazee watamkalisha, watampa maji ya kunywa, kisha watamuuliza: "Habari ya kule? Umeona nini?" Na hapo haitoshi kuonyesha picha. Anapashwa kuleta habari, tena kusema na lile alilolipima kwa akili yake: hiki ni kizuri, hiki hapana, na hiki hata siye tungeweza kukifanya.

Vitabu vya namna hii vinapenda kuongea juu ya mahari, juu ya kilio, juu ya mapacha na ngoma. Mara hii tuongee juu ya jambo ambalo wengi watasema si desturi: boma la vita lililo juu ya kilima, ambalo limegeuzwa kuwa makumbusho, ao kama tunavyosema mjini, mize. Mimi naona ni desturi kabisa. Namna watu wanavyotunza wafu wao na kuwaonyesha wageni, njo desturi yenyewe. Na mtu anayechunguza desturi ya wengine kwa haki, anarudi akiona ya kwake kwa macho mapya.

Boma lenyewe ni ngome ya Dinant, kule Ubelgiji. Nimeipanda mara mbili, mara ya kwanza na jamaa wanaoishi kule, mara ya pili peke yangu na kalamu. Ninayoandika hapa si matangazo ya safari. Ni hukumu ya msomaji aliyesoma mahali sawa vile mtu anasoma kitabu.

1. Mwamba, mto na boma

Dinant ni mji mdogo katika jimbo la Namur, upande wa watu wanaosema Kifaransa. Mto Meuse unapita pale, na nyumba zimebanwa kati ya maji na mwamba, mpaka unajiuliza watu wanapumua wapi. Chini ya mwamba kuko kanisa kubwa lenye mnara wa mviringo sawa kitunguu. Juu ya kanisa, karibu metre mia moja, kuko ngome. Njia za kupanda ni mbili: kibanda kinachovutwa na kamba ya chuma, ao ngazi 408 za mawe. Ndugu msomaji, kama una miguu, panda ngazi. Nitasema sababu yake mbele.

Historia yake si fupi. Boma la kwanza lilijengwa mwaka 1051 na askofu wa Liège, ambaye wakati ule alikuwa pia mtawala wa nchi. Mwaka 1466 jeshi la Burgundy liliingia Dinant, likachoma mji na kuangusha kuta zake. Watu wa pale wanahadithia mpaka leo kwamba mamia ya wenyeji walifungwa wawili wawili, mgongo kwa mgongo, wakatupwa mtoni. Mwaka 1703 Wafaransa wakabomoa ngome tena mbele ya kuondoka. Hii tunayoiona leo ilijengwa na Waholanzi kisha mwaka 1815, wakati Napoleon alipokwisha kushindwa na nchi ile ikawekwa chini ya mfalme wa Uholanzi. Mwaka 1830 Wabelgiji wakajitenga na Waholanzi, na boma likabaki mikononi mwao.

Tusimame kidogo hapa, juu neno hili ni la maana kwetu. Ngome ambayo watu wa Dinant wanaonyesha leo kwa majivuno, hawakuijenga kwa mapenzi yao. Ilijengwa na serikali iliyotoka nje. Tena ukisimama juu yake unaona jambo moja waziwazi: mizinga yake ingeweza kuangalia adui ng'ambo ya mto, lakini ingeweza pia kuangalia mji wenyewe. Kwa miaka mingi mwenyeji aliyeinua kichwa aliona bunduki. Leo akiinua kichwa anaona mahali pa kupeleka watoto wake siku ya mungu. Hakukutokea muujiza. Watu walikubali kuchukua jiwe la mgeni na kuliweka ndani ya hadithi yao wenyewe. Siye tuna majumba mengi ya wakati wa ukoloni ambayo hatujui tuyafanyie nini: wengine wanataka kuyabomoa, wengine wanayaacha yaanguke yenyewe. Dinant inaonyesha njia ya tatu.

2. Mambo ambayo ngome inasema vizuri

Kwanza, mawe. Waliopanga makumbusho ile hawakuficha ugumu wa mahali. Unapita katika vyumba vya chini vyenye baridi, unaona jiko, unaona mahali pa kuoka mkate wa askari, unaona vyumba vya wafungwa. Mtu anaelewa mara moja kwamba vita si bendera na tarumbeta. Vita ni mkate, kuni, maji ya kisima, na miguu inayolowana. Vitabu vya shule vilitufundisha majina ya wakubwa wa jeshi. Jiko la ngome linafundisha habari ya mpishi.

Pili, ngazi. Mtu anayepanda ngazi 408 anafika juu akihema, na ile kuhema ni somo. Anajua sasa, kwa mwili wake, kwa nini adui alichoka, na mtu aliyebeba maji na baruti mpaka juu alikuwa mtu wa namna gani. Yule anayepanda na kibanda anaona mandhari tu. Mimi nasema makumbusho yoyote iliyo juu ya mlima ingefaa kumwambia mgeni: panda kwa miguu kama unaweza, maana njia ni chumba cha kwanza cha makumbusho.

Tatu, kuko fasi moja inayojulikana sana: handaki la askari lililojengwa kama limeangushwa na bomu. Sakafu yake imeinama, kuta zimeinama, na kichwa chako kinazunguka. Unajishika ukutani sawa mlevi. Hakuna maneno mengi ya kusoma, na hayahitajiki. Mtu aliyesoma kurasa mia moja juu ya vita ya 1914 hatapata kile anachopata mule kwa dakika mbili: kwamba dunia inaweza kugeuka chini ya miguu yako na usijue tena wapi ni juu, wapi ni chini.

3. Kicheko ndani ya nyumba ya kilio

Lakini ni pale pale katika handaki njo lawama yangu inaanza. Watoto wanaingia, wanateleza, wanapiga kelele, wanacheka, wanatoka, wanarudi tena. Wazazi wanapiga picha. Mbele kidogo kuko sanamu za askari waliovalishwa nguo za wakati ule, na kuko guillotine, ile mashini ya kukata vichwa, ambayo kila mtu anataka kusimama karibu nayo. Mgeni anapita kutoka kifo hiki kwenda kifo kile sawa anavyopita maduka sokoni.

Mtu atasema: wewe Mwafrika, unataka watu walie siku nzima? Hapana. Siye watu wa Katanga hatuwezi kufundishwa kwamba kicheko kimekatazwa kilioni. Tunajua sana kucheka kilioni. Kwa Wabemba na jamaa zao, kuko koo ambazo zinaitana banungwe: ukoo mmoja ukipata kifo, ukoo wa pili unakuja kushika kazi ya mazishi, na wakati huo huo wanatukana marehemu, wanachekesha wafiwa, wanaiga alivyotembea, wanaomba pesa. Mgeni asiyejua atakasirika. Lakini mwenye kujua anaona hekima: kicheko kile kina mwenyewe. Yule anayecheka njo yule yule aliyechimba kaburi. Mikono yake ina udongo. Amelipa haki ya kucheka.

Basi ukichunguza vizuri, shida ya ngome ya Dinant si kicheko, ni kicheko kisicho na mwenyewe. Anayecheka mule hakuchimba kaburi la mtu. Hakuna aliyempa kazi yoyote mbele ya kumpa mchezo. Na hili si kosa la Dinant peke yake. Ni ugonjwa wa makumbusho nyingi za vita popote duniani. Zinaogopa kwamba mgeni atachoka, basi zinamfurahisha haraka. Ningependa mtu akitoka katika handaki lile lililoinama, apite mara moja katika chumba kitupu chenye benchi tu, akae kimya dakika moja, moyo urudi mahali pake. Kicheko kingebaki, lakini kingepata ndugu yake.

4. Majina 674

Tufike sasa kwenye neno kubwa. Tarehe 15 Agosti 1914 Wafaransa na Wajerumani walipigana pale Dinant, juu ya ngome na kwenye daraja. Luteni mmoja kijana wa Kifaransa aliumizwa mguu siku ile. Jina lake Charles de Gaulle, yule yule ambaye miaka thelathini nyuma yake, mwaka 1944, alifungua mkutano wa Brazzaville. Siku nane nyuma ya vita ile, tarehe 23 Agosti, askari wa Kijerumani walirudi kwa nguvu. Walisadiki kwamba raia wanawapiga risasi kwa kujificha. Wakawatoa watu majumbani, wakawapanga kwenye kuta, wakawaua. Kwenye ukuta mmoja unaoitwa ukuta wa Tschoffen peke yake walikufa zaidi ya watu mia moja. Hesabu ya wafu wote ni 674, wazee, wanawake, watoto, mpaka na mtoto mchanga wa majuma matatu. Mji ulikuwa na watu karibu elfu saba: ni sawa kusema mtu mmoja kwa kila kumi. Zaidi ya mia nne wakachukuliwa mateka mpaka Ujerumani, na mji ukachomwa.

Kwa miaka mingi Wajerumani walikataa. Walisema raia walianza. Watu wa Dinant hawakunyamaza: waliandika orodha, jina kwa jina, mtu na umri wake na mahali alipofia. Wenye elimu ya historia walipochunguza upya, ikiwa ni pamoja na kitabu cha John Horne na Alan Kramer cha mwaka 2001, walionyesha kwamba ile habari ya raia wenye bunduki ilikuwa woga wa askari wenyewe uliogeuka hadithi. Mwaka ule ule wa 2001, mjumbe wa serikali ya Ujerumani alikuja Dinant kuomba msamaha. Miaka 87 ilikuwa imepita. Na mwaka 2014, miaka mia moja ilipotimia, mji ulisimamisha kando ya mto ukumbusho wenye majina ya waliouawa.

Sikilizeni vizuri: hawakuombwa msamaha juu ya ngome kubwa. Waliombwa msamaha juu walikuwa na orodha. Kama wangekuwa na ngome bila orodha, Wajerumani wangeendelea kusema "ilikuwa vita, watu wanakufa vitani." Jina la mtoto wa majuma matatu linafunga kinywa cha mtu yeyote anayesema alikuwa na bunduki.

Kwa hiyo nasema wazi, na hii njo hukumu yangu ya kwanza: kile kitu kikubwa cha Dinant hakiko juu ya mwamba, kiko chini kando ya maji. Ngome inafurahisha, majina yanahukumu.

Na nani kama siye anayepaswa kuelewa hili? Kwetu jina si alama ya kumwitia mtu tu. Mtu aliyepewa jina langu ni majina wangu, namheshimu sawa mwili wangu. Mtu akifa, jamaa wanakutana kumpianika, yaani kumweka mwingine katika jina lake na mahali pake, ili jina lisilale nje. Mtoto akilia usiku bila sababu, bibi atauliza: amepewa jina la nani, na nani ameachwa? Kwa desturi yetu, mfu asiyeitwa ni mfu anayezunguka.

Mzee mmoja wa kwetu tuliyekuwa naye kule alisimama mbele ya majina yale muda mrefu, kofia mkononi. Kisha akasema, polepole: "Aba batu banaandika majina ya bote, mpaka na ya mutoto muchanga. Sasa betu ba Tabora, beko wapi?"

5. Siku moja mbele, kwenye ziwa letu

Swali la mzee linahitaji jibu la historia. Tarehe 22 Agosti 1914, siku moja mbele ya mauaji ya Dinant, meli ya Wajerumani inayoitwa Hedwig von Wissmann ilivuka ziwa Tanganyika, ikapiga mizinga pale Lukuga, ambapo leo ni mji wa Kalemie, na kuharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Vita iliyochoma mji kando ya Meuse ilifika kando ya Tanganyika katika juma moja. Ni vita ileile.

Kisha ikaja kazi. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka Afrika ya Kusini kwa treni, zikapita Élisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo, mpaka Fungurume ambapo reli iliishia. Kutoka pale mashua zilivutwa nchi kavu, kwa trakta za mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya watu, kupita milima ya Mitumba mpaka Sankisia, kisha Bukama, kisha mto Lualaba, kisha treni tena kutoka Kabalo mpaka ziwani. Tarehe 9 Februari 1916 mashua zile zilizamisha ile Hedwig von Wissmann. Vitabu viliandikwa juu ya mkubwa wa Kiingereza aliyeongoza safari ile. Lakini watu waliokata miti ya madaraja kati ya Fungurume na Sankisia, waliochimba njia, waliovuta kamba mlimani, majina yao hayakubaki katika vitabu vile. Yule anayepita leo barabara za upande ule na kamyo za shaba, anapita juu ya jasho lao bila kujua.

Mwaka huo huo wa 1916 jeshi la Force Publique liliingia Afrika ya mashariki ya Wajerumani, na tarehe 19 Septemba likakamata Tabora. Mkubwa wake, jenerali Charles Tombeur, alipewa cheo cha ubaroni na jina likaongezwa: Tombeur de Tabora. Angalieni sasa: jenerali alipata jina la mji mzima juu ya jina lake. Wapagazi waliobeba risasi, unga na mizinga, watu zaidi ya elfu mia mbili kwa hesabu ya wanahistoria, walipoteza hata jina walilopewa na mama zao. Wengi walikufa njiani kwa njaa, kwa baridi ya milimani, kwa kuhara. Kijijini ilisemwa tu: "Alienda Tabora." Na neno hilo likawa kaburi lake.

Je, tuseme ngome ya Dinant ina kosa? Hapana. Ngome ile ni ya mwamba wake na ya watu wake. Inafanya kazi ya kilio cha nyumbani kwao. Hatuwezi kwenda kwa jirani aliyefiwa na kumlaumu kwamba hakulia marehemu wetu. Ubelgiji kama taifa lina deni lake kwetu, na mazungumzo yale yana fasi yake nyingine. Lakini kuko deni ambalo si la Mzungu. Ni nani alitukataza kuandika? Toka mwaka 1960 kalamu iko mikononi mwetu. Wazee waliojua majina ya babu zao waliokwenda Tabora walikuwa bado hai wakati wa uhuru, wengi walikuwa hai hata mwaka 1980. Tuliwazika wao na majina waliyoyabeba.

6. Shaba, nyingine na nyingine

Kuna upande mwingine wa Dinant ambao mtu wa Katanga hawezi kuupita macho yamefumba. Mji ule ulijulikana katika Ulaya ya zamani kwa kazi ya shaba. Mafundi wake walichanganya shaba na jiwe lenye zinki, wakapata shaba ya njano, wakafua masahani, vinara vya kanisa, masufuria. Waliuza mpaka Uingereza. Jina la mji likaingia ndani ya lugha: mpaka leo Kifaransa kinaita kazi ya vyombo vya shaba dinanderie. Mji ulipochomwa mwaka 1466, mafundi waliobaki walikimbilia miji mingine, na ufundi ukatembea nao.

Sisemi kwamba shaba ile ilitoka kwetu. Wakati ule hakuna njia yoyote iliyounganisha nchi zile na zetu. Lakini katika karne zile zile, watu wa Katanga walikuwa nao wanayeyusha jiwe la kijani wakati wa kiangazi, kwa makaa na mivukuto, na kumimina misalaba ya shaba. Misalaba ile ilikuwa mali ya mahari na ya biashara. Waliochimba makaburi ya zamani pale Sanga na Katoto, katika bonde la Upemba, toka mwaka 1957, waliikuta imelazwa pamoja na wafu. Mafundi wetu waliitwa walaji wa shaba. Kisha, mwaka 1906, ikaundwa Union Minière, na shaba ya Katanga ikaanza kusafiri kwenda Ubelgiji kusafishwa, kule Hoboken. Nchi yetu ikaitwa hata Shaba, toka 1971 mpaka 1997. Msalaba ulipandishwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Lakini fundi? Dinant iliweka jina la mji ndani ya chombo. Msalaba wetu umelala ndani ya vioo vya makumbusho nyingi, na chini yake kumeandikwa "msalaba, Katanga", kwisha. Hatusomi ukoo wa fundi, wala kijiji chake, wala neno alilotumia kuuita.

Shaba ya njano ile ilizaa kitu kingine tena. Mwaka 1814, pale Dinant, alizaliwa Adolphe Sax, mtoto wa fundi wa vyombo vya muziki. Mwaka 1846 aliandikisha kule Paris chombo alichokiita kwa jina lake: saksofoni. Leo daraja la Dinant, lile lile la de Gaulle, limepangwa saksofoni kubwa za rangi pande zote mbili. Na siye? Nani kati yetu anaweza kusikia rumba bila saksofoni? Isaac Musekiwa, Jean Serge Essous, Verckys Kiamuangana: hawa walichukua chombo cha mtoto wa Dinant wakakifundisha kusema Kikongo, Lingala na Kiswahili. Mwaka 2021 rumba ya Kongo, ya pande zote mbili za mto, iliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa wanadamu wote. Dinant ilitupa chombo, tukarudisha roho. Hapo hakuna deni, hapo tuko sawasawa. Na angalieni: tuko sawasawa juu ya muziki kwa sababu majina ya wapigaji yalibaki. Yaliandikwa kwenye sahani na yaliitwa ndani ya nyimbo zenyewe. Palipo na jina, hakuna anayeweza kusema kazi ilifanywa na mtu mwingine.

7. Tunachoweza kufanya

Najua jibu la wengi: "Mwandishi, watu hawana maji wala moto wa umeme, na wewe unataka mize juu ya kilima." Nakubali, njo maana siombi kilima. Kosa letu siku zote ni kuanza na jengo. Tunangoja pesa ya jengo, jengo haliji, na majina yanakufa wakati wa kungoja. Dinant walianza na daftari, ukumbusho wa mawe ukafuata.

Kwanza, tukusanye majina ya waliokwenda vita ya 1914–1918 na ya pili ya 1940–1945: askari, mpagazi, mpishi, mke aliyefuata mume wake kambini. Jina, kijiji, ukoo, na neno moja ambalo jamaa wanakumbuka. Hata "alienda Tabora" tuandike. Vivyo hivyo wafu wa vita vya karibu, toka 1996 mpaka leo. Serikali imeweka tarehe 2 Agosti kuwa siku ya kuwakumbuka. Siku hiyo itakuwa na maana kama tunakuja na orodha, si na hotuba peke yake.

Pili, tuseme kwa lugha zetu. Mize ya Lubumbashi ina vitu vizuri sana. Kila chama cha desturi kingeweza kuomba ruhusa ya kuleta neno la kwao na habari ya kwao kwa chombo kimoja tu. Chombo kimoja kwa mwaka kinatosha kuanza.

Tatu, tutembeze watoto kwa miguu. Njia ya mashua kutoka Fungurume, bandari ya Kalemie, kijiji cha Msiri pale Bunkeya ambapo aliuawa tarehe 20 Desemba 1891: haya ni makumbusho yasiyo na mlango wala tiketi. Wanahitaji mzee mmoja wa kusema na kijana mmoja wa kuandika.

Nne, tusiogope kicheko, lakini tukipe mwenyewe. Kama siku moja tutakuwa na nyumba yetu ya ukumbusho, tuwaite banungwe wa kweli waje kucheka na kusafisha, kila mwaka, kwa zamu. Hilo Dinant hawana. Hilo tunaweza kuwafundisha.

Kwa hiyo, kama utapata nafasi ya kufika Dinant, fika. Ngome inastahili, ngazi zinastahili, handaki lililoinama linastahili, hata na kelele zake. Lakini usishuke na kibanda ukakimbilia gari. Shuka polepole mpaka kando ya maji, soma majina, yote kama una muda. Ni watu wengine, lakini kusoma jina la mfu wa jirani si kupoteza wakati. Na kwa wale wasio na safari, kazi iko hapa hapa: kabla ya mkutano wetu unaokuja, kila mwanachama amuulize mtu mzee zaidi wa ukoo wake nani alienda na hakurudi, aandike kwenye karatasi, na alete. Daftari imekwisha kununuliwa, ina kurasa mia mbili, zote nyeupe.